Tromboni Aliyoletewa Shoga Yangu

Wanasema hasidi hana sababu. Waongo. Mie sababu ninayo, tena ya shaba, inalala ndani ya sanduku jeusi lenye mahameli nyekundu, na imetoka Maskati mkononi mwa mume wa mtu.

Shoga yangu na mie tulijifunza tromboni pamoja, chuo kimoja cha muziki hapa mjini, mwalimu mmoja. Hata kile kikombe kidogo cha kupulizia, mwanzo tulikuwa nacho kimoja, tunapokezana na kukifuta kwa ncha ya kanga. Wasichana wengine walikimbilia fidla na ganuni, vyombo vya kukaa kitako mtu ukaonekana wa heshima. Sisi tulipewa vilivyobaki. Tromboni ni tarumbeta kubwa isiyo na vibonyezo. Ina mrija mrefu unaousukuma mbele na kuuvuta nyuma, na sauti hupanda na kushuka kwa mkono wako mwenyewe. Mkono ukikosea kidogo kila mtu anajua. Mamangu aliponiona nayo mara ya kwanza aliniuliza kama nimeajiriwa na fundi bomba.

Tulipiga pahala patatu. Jioni za katikati ya wiki tulikaa kwenye kundi la shaba la chuo, watu wachache juu ya viti, noti mbele yetu, kila mmoja akimsikiliza mwenziwe kwa adabu. Jumamosi tulikwenda Paje kwa zamu, kupiga na bendi ya hoteli wageni wakila. Huko kazi ni kunong'ona. Unaliziba bakuli la tromboni, ule mdomo wake mpana wa mbele, kwa mpira wa kuzibulia sinki, mpya lakini, usije ukanifikiria vibaya, ili mgeni asikie uma wake ukigonga sahani. Na penye harusi tulitoka na beni. Kikundi chetu cha beni ni cha wanawake watupu, ngoma na matarumbeta, na tunatembea njiani na akina mama waliovaa sare, wanaimba na kukata kiuno mpaka vumbi linatimka. Beni haina noti wala haina kunong'ona. Mie moyo wangu ulikuwa huko.

Sasa kwenye beni kuna mtu mmoja anayetoa wimbo. Tarumbeta haina maneno, lakini nyimbo zenyewe kila mwanamke wa Unguja anazijua. Anayetoa akishapiga mwanzo tu, akina mama washaanza kuimba. Wakiukataa wimbo hunyamaza, na wewe unatembea na aibu yako mpaka mwisho wa njia. Wakiutaka mwengine hukutajia, na ukitajiwa hukatai, ndivyo beni ilivyo. Kwetu aliyekuwa akitoa ni mpiga tarumbeta mmoja hodari, na alipohamia Pemba kwa mumewe nafasi yake ikabaki wazi. Niliitaka nafasi ile. Sitasema nilikuwa nakifikiria kikundi. Niliitaka mie, nitembee mbele, nikigeuza bakuli kulia waimbe wa kulia, nikigeuza kushoto waimbe wa kushoto. Na shoga yangu naye aliitaka, ila yeye hasemi, anatabasamu.

Wakati huohuo mumewe, anayefanya kazi Maskati, akaja likizo na lile sanduku.

Alinifungulia kitandani kwake bila haraka. Tromboni kubwa, bakuli pana kama sinia, mrija mnene, na nyuma ya shingo bomba jengine limejikunja, lina kidude cha kidole gumba. Ukikibonyeza, sauti inashuka chini kabisa bila ya kunyoosha mkono. Ya kwangu ilikuwa mali ya chuo, rangi imekwisha, imepita midomo ya watu wengi kuliko bilauri ya msibani. Nikatafuta neno la kusema nisionekane nimekufa. Nikamwambia, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Tukacheka. Yeye alicheka kidogo kuliko mie, nikadhani anaringa.

Nikarudi kwangu Mpendae nikamtazama mume wangu. Ana wema wake, simkufuru Mungu. Safari aliyokwenda Dubai aliniletea birika la umeme. Nilikuwa nalipenda birika lile, lakini tangu siku hiyo likichemka tu linanitia hasira.

Wiki ileile tukakaa chuoni. Mwalimu akampa shoga yangu sauti ya chini, ile inayobeba nyengine zote. Akapiga. Jamani, msema kweli mpenzi wa Mungu, ilikuwa sauti nene, ya upole, haina kingo. Ilipita chini ya matarumbeta yetu tukajisikia wote tumekuwa wazuri. Mwalimu akafumba macho. Mwalimu yule hajapata kunifumbia macho mie, ila labda kwa uchovu. Nikasema mashaallah, kwa sababu kitu cha mtu ukikiona lazima useme, usije ukakitia jicho. Ulimi ulisema, roho ikasonya.

Haukupita muda yangu ikavunjika. Nilikuwa nikifanya mazoezi barazani kwa wifi yangu, Mji Mkongwe, na uchochoro wenyewe unaujua ulivyo: mrija wa tromboni ukiunyoosha wote umeshafika ukutani kwa jirani. Vespa ikakata kona. Mwenye vespa alipiga honi, mie nilidhani ananijibu wimbo. Mrija ukipinda hata unene wa kucha basi tena, hauteremki. Chuoni wakaniambia hawana nyengine, nikitaka kupiga nijitafutie yangu. Kwa hivyo katika kiwewe kilekile cha tromboni ya shoga yangu, na mie ikanilazimu kuchagua tromboni.

Kuna mzee mmoja wa Kihindi ana duka ndani ya Mji Mkongwe, duka la babu yake, lilianza kwa kuuza saa na sasa linauza chochote kilichotoka ndani ya kontena. Nilimkuta na tromboni tatu amezipanga juu ya kabati la kioo. Moja nyembamba, nyepesi, bakuli dogo, haina pambo lolote. Moja ya katikati. Na moja kubwa, ina bomba lililojikunja nyuma, ndugu wa ile ya Maskati ila imechubuka. Mkono wangu ulikwenda kwa ile kubwa kabla sijaufikiria. Nikapiga, saa zote ukutani zikatetemeka. Nikaona shoga yangu nshampata.

"Chukua hii ya katikati, dada," mzee akaniambia. "Ya kati inafaa kila pahala."

Na alikuwa anasema kweli. Nilipoijaribu niliona: ingetosha hotelini kwa upole wake, ingetosha chuoni kwa unene wake, na harusini isingeniangusha sana. Mtu mwenye roho safi angeichukua, akashukuru, akaenda kupika. Lakini mie sikuwa natafuta ya kutosha. Nilikuwa natafuta ya kushinda, na ndani ya duka kila tromboni ni nzuri kwa sababu kuta zinakubembeleza. Nikamwambia natoka nje.

"Nje watu wamelala mchana huu," akasema.

"Wataamka."

Nikasimama kwenye njia panda ya vichochoro, madirisha juu yangu pande zote, nikaanza na ile kubwa. Nilipiga mwanzo wa wimbo wa kumtoa bibi harusi, kisha nikangoja. Sauti ilipanda, ikatawanyika, ikapotea juu ya mabati. Kimya. Nikapiga ya katikati. Dirisha likafunguka, mtu akachungulia, likafungwa. Kisha nikapiga ile nyembamba. Sauti yake ilikuwa kali, ina makucha, na sijamaliza ubeti sauti ya mwanamke nisiyemwona ikaudaka wimbo kutoka ghorofani, na mwengine wa upande wa pili akamjibu, na wa tatu akapiga kigelegele, nadhani na mwiko bado mkononi. Nikajua nimepata tromboni ya beni. Nikajua na jengine lililonifurahisha zaidi, kwamba ile ya Maskati, na uzuri wake wote, njiani itakuwa bubu.

Nikanunua nyembamba. Paje haikunisumbua sana, ule mpira wa sinki unasitiri mengi. Chuoni ndiko nilikoumbuka. Katika lile kundi la watu wazito nilisikika kama mbu ndani ya chandarua, na mwalimu akaniuliza kwa huruma kama nina mafua. Shoga yangu, kwenye kiti cha pembeni, alinigusa kwa kiwiko, akaninong'oneza, "Hii si ya humu, shoga. Umenunua ya njiani."

"Najua nilichonunua," nikamjibu. Akanitazama, nikaona kama amefurahi, na hilo likanikera zaidi.

Siku ya kujulikana mbivu na mbichi ilikuwa harusi ya Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege, alasiri, jua limeanza kulegea. Bi mkubwa wetu, mwenye kikundi, ndiye anayepiga ngoma kubwa na ndiye mwenye amri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila ya kuacha kukaza kamba za ngoma, kisha akatuita wote wawili.

"Kutoka njia kuu mpaka dukani, atatoa mwenzio. Kutoka dukani mpaka kwa bibi harusi, utatoa wewe. Watakaoamua ni wenye sare, mimi sina mdomo."

Shoga yangu akaanza. Ukikaa karibu yake ulisikia asali. Lakini wenye sare walikuwa nyuma na pembeni, wengi, na kule mbele bodaboda zinapiga honi zipishwe. Wimbo ulikuwa ukiwafikia vipande. Kisha ndege ikaja kutua, unajua kule zinavyopita chini mpaka unasoma maandishi ya tumboni, na tromboni ya Maskati ikamezwa yote. Ndege ilipokwisha pita, akina mama walikuwa wanaimba nyimbo mbili tofauti. Niliinamisha kichwa nikafunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka, watu wasinione ninavyocheka.

Tukafika dukani. Zamu yangu. Nikapumua, nikapiga, na Mungu anisamehe, ilikuwa kama kuchana kitambaa kipya. Wimbo ulikwenda mpaka kwa mwanamke wa mwisho kabisa. Wakanirudishia kwa kishindo. Nikageuza bakuli kulia, waliimba kulia. Nikageuza kushoto, hivyohivyo. Ndege nyengine ikaja, nikaipigia nayo. Sijapata kuwa na raha kama ile, na nusu ya raha ilikuwa ni kujua kwamba nyuma yangu kuna mtu anasikia.

Hapo mwanamke mmoja wa sare ya zambarau akanitajia wimbo. Ni wimbo wa mafumbo, wa zamani, tunaupiga harusi nyingi. Unamsema mke wa mtu, kiini chake ni kwamba wewe umeletewa kitu, mwenzio kaletewa mtu. Wimbo kama huo hauna mwenyewe mpaka apatikane wa kuuvaa. Anayemkusudia mwenziwe humwendea akicheza, akamzunguka, akinyoosha kidole hewani. Na anayekusudiwa ama hucheza naye kuonyesha haumwi, ama huondoka. Nimetajiwa, nikautoa.

Wale wa zambarau wakamwendea shoga yangu. Kwanza mmoja, kisha watatu, kisha duara zima, simu juu zinapiga video. Nikageuka nitazame. Shoga yangu alikuwa ameshusha tromboni. Hakucheza wala hakuondoka. Alisimama akifuta kikombe cha kupulizia kwa ncha ya mtandio, anafuta, anafuta. Mie nikasema moyoni, kashindwa huyo, amenuna kwa kuwa njia imemkataa. Nikazidisha. Nikamalizia kwa kuuvuta mrija polepole, ile sauti ya kuteleza inayofanana na mtu anayecheka, na wote wakacheka.

Ngoma kubwa ikakatika. Bi mkubwa alikuwa ameiwekea kiganja.

"Geuza wimbo," akaniambia.

Nikageuza. Tukafika kwa bibi harusi, tukaingizwa uani, tukapewa biriani. Shoga yangu sikumwona tena. Bi mkubwa akakaa karibu yangu juu ya mkeka, sahani mapajani.

"Ule wimbo ulimpigia makusudi?"

"Nlitajiwa, Bi mkubwa. Wewe mwenyewe ulisikia."

"Kwani hujui?"

"Sijui nini?"

Akanitazama kama anayekagua chungu kisije kikawa na ufa. "Mumewe kaoa huko Maskati. Likizo ile alikuja na tromboni mkono huu na habari mkono huu. Tromboni ndiyo kifuta machozi."

"Nani anajua?"

"Nani hajui?" Akala tonge, akafuta vidole. "Haya. Kutoa, utatoa wewe. Wenye sare washasema."

Hivyo ndivyo nilivyoipata nafasi yangu, kati ya tonge na tonge. Na nitakwambia lililonijia kwanza, sitaki kujipamba. Halikuwa huruma. Wivu tena! Wale wa zambarau wanajua. Fundi cherehani aliyewashonea anajua. Bi mkubwa anajua, na siku zote hizo anapiga ngoma yake kimya. Na mie, niliyepokezana naye kikombe kimoja mdomoni, ndiye wa kutumiwa kama tarumbeta ya watu wengine. Wao waambiwe kwa lipi, mie ninyimwe kwa lipi? Usiku huo sikulala, na nilipolala niliota nagombana.

Asubuhi nikaenda kwake Mji Mkongwe. Nikapiga hodi, akaniitikia karibu kutoka juu. Alikuwa ameketi chini anachambua mchele kwenye ungo. Sanduku jeusi lilikuwa wazi kitandani, pahala pake pa siku zote. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa kumwomba radhi. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Mji mzima unajua, mie sijui. Mie nani kwako?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Na ule wimbo, wallahi nlitajiwa, sikujua."

"Najua hukujua," akasema, hakunyanyua macho. "Ungejua mkono ungetetemeka. Ulipiga vizuri mno."

Nikakaa.

"Nlikuficha makusudi," akaendelea. Alitoa chuya moja akaiweka pembeni. "Tangu habari itoke, kila anayepanda ngazi ile ananishika bega. Mamangu ananishika bega. Jirani analeta uji, ananishika bega. Wanaongea na mie kwa sauti ya msibani, na mtu mwenyewe hajafa, yuko Maskati anakula. Wewe tu ndiye uliyekuwa unaingia hapa umekunja uso, unaitazama tromboni yangu kama mtu aliyenyimwa pilau. Hujui ulivyokuwa unanipa raha. Wiki ikipita hujaja nlikuwa nauliza, yuko wapi hasidi wangu? Mjini kote alibaki mtu mmoja anayeona kwamba nna kitu."

Akaupepeta ungo, makapi yakaruka.

"Sasa na wewe utanishika bega," akasema.

Na kweli, mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka, uko njiani. Nikaurudisha mapajani. Chini uchochoroni mtu alikuwa anabishana bei ya ndizi. Nikaitazama ile tromboni kitandani, jua la dirishani limeipata, na nikaikumbuka sauti yake chuoni, ile nene isiyo na kingo, ambayo ya kwangu haitaipata hata ikipulizwa na malaika.

"Hebu nigee niijaribu," nikamwambia.

"Hugusi."

"Kidogo tu. Mara moja."

"Nenda kwa mumeo akakupigie birika."

Nikanuna. Wala sikuwa na haja ya kujilazimisha.